Hesabu za Mamangu

Mtongwe, Likoni
18 Februari 2024

Kwa mwanangu mpenzi Samah,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima na kifua hakikubani tena kwa baridi ya huko Marsabit. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Babako mgongo humsumbua akishinda kutwa kwenye ujenzi, lakini ukimuuliza husema hajambo. Shangazi yako Jalila akusalimu sana. Kuku wako mweupe ameangua saba.

Baada ya salamu, nina neno, na neno lenyewe nimelificha miaka miwili. Kaa kitako kwanza.

Mwanangu, nimejiandikisha mtihani wa kidato cha nne. Mimi mamako, mwenye miaka arubaini na mitatu. Wajua naliacha kidato cha tatu nikaolewa. Miaka miwili hii, ukipiga simu jioni nikikwambia niko kwa Jalila, nalikuwa kwenye ukumbi wa mtaa tunasoma, wanawake kumi na mmoja. Kiswahili sikiogopi. Dini siiogopi. Historia naipenda. Kilichobaki ni hesabu, na hesabu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mwenyekiti wa chekechea, Bwana Abdulaziz, alituita mwezi jana. Akasema kuanzia Januari ijayo hawaweki mwalimu asiye chuoni. "Bi Salha, wewe tunakuheshimu. Utatusaidia jikoni, kupika uji wa watoto." Miaka kumi na tisa nafundisha pale, Samah. Watoto niliowafuta makamasi leo wana watoto wao. Nikenda chuo kuuliza, wakaniambia nilete cheti cha kidato cha nne, na hesabu isipungue D ya kujumlisha.

Sijapata kukuhadithia habari ya darasa la sita. Mwalimu aliniita ubaoni nijumlishe nusu na theluthi. Nikaandika mbili ya tano. Akaliambia darasa zima licheke, wakacheka, kisha akanicharaza viboko viwili, kimoja cha nusu na kimoja cha theluthi. Tangu siku hiyo nikiona nambari zimepangwa kwenye karatasi mikono hunipoa. Nimekusomesha mpaka ukawa mwalimu wa hesabu na sikuwahi kufungua daftari lako hata moja.

Nifundishe. Lakini kwa barua, usinipigie simu. Kwenye simu nitasema ndiyo, ndiyo, na sikuelewa. Barua nitaisoma mara kumi na hapana atakayeniona. Mpe mwenye ofisi ya basi huko, na huku Ruwa wa ofisi ya mizigo ataniletea, ni jirani yetu.

Babako hajui bado.

Mamako,
Salha


Marsabit
3 Machi 2024

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimepoa, wasalimie wote na hao kuku saba.

Mama, barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimeketi. Nikalia, nikacheka. Miaka miwili! Na mimi nikisema huyu mama na Shangazi Jalila wana mazungumzo gani yasiyokwisha.

Haya, tuanze na mbili ya tano yako, maana hiyo ndiyo iliyokukwama kooni.

Pika mkate wa sinia. Nusu yake mpe Baba. Kisha theluthi ya mkate mzima mpe Shangazi. Umetoa kiasi gani? Ulisema mbili ya tano. Sasa fikiri: mkate ukikatwa vipande vitano sawa, vipande viwili vinafika nusu? Havifiki. Baba peke yake amekula nusu, Shangazi akaongezewa chake, na jumla ikapungua! Hata Baba angekataa hesabu hiyo.

Ukate vipande sita vilivyo sawa. Nusu ni vipande vingapi? Theluthi ni vipande vingapi? Vihesabu kwa kidole uniandikie. Kosa lako halikuwa la ujinga, Mama. Uliongeza vipande vya ukubwa mbalimbali kana kwamba ni vya ukubwa mmoja, na kila mtoto duniani hufanya hivyo mara ya kwanza. Mwalimu yule alitakiwa kukuletea mkate.

La pili ni ile herufi x. Usiiite x. Iite Fulani. Fulani ni mtu ambaye umesikia habari zake lakini hujamuona uso. Unaambiwa: Fulani alizidishwa mara tatu, kisha akaongezwa nne, akaonekana ni kumi na tisa. Mtafute kwa kumrudisha njia aliyojia. Alichovalishwa mwisho ndicho cha kumvua kwanza. Mvue ile nne. Halafu mgawe kwa tatu. Fulani ni nani?

Nimekuwekea Fulani wengine watano karatasi ya nyuma. Usiwaogope, hawaumi.

Bintiyo,
Samah


Mtongwe
20 Machi 2024

Samah mwanangu,

Marahaba. Ramadhani karimu. Tuko katika kumi la kwanza, joto kali, lakini saumu zaenda.

Fulani ni tano!

Na wale watano wa nyuma nimewashika wote. Mmoja alinisumbua siku mbili, nikaja kugundua naanza kumvua cha kwanza badala ya cha mwisho. Kama mtu anayevua fulana kabla ya kanzu.

Mkate nao naliupika. Karibu na adhana nikaushika kisu, nikaukata sita, nikauchungua kila kipande kama kimelingana. Babako akanitazama, akasema, "Salha, leo wapima mkate kama kiwanja?" Nikamwambia ngoja. Nikampa vitatu. Nikamwekea Jalila viwili. Kikabaki kimoja kwenye sinia. Nikakitazama kile kimoja, Samah, na machozi yakanitoka. Tano ya sita. Ilikuwa hivyo tu? Miaka thelathini na moja nimebeba viboko viwili kwa jambo ambalo mtoto wa chekechea angeliona kwa mato yake?

Ikabidi nimweleze babako. Tukafuturu kwanza. Kisha akasema, "Ukifaulu wewe, mimi nitatembea kichwa juu mpaka mtaa wa Shika Adabu." Ndivyo alivyosema, na wamjua babako si mtu wa maneno.

Sasa nina swali. Kitabu chasema hasi mara hasi ni chanya. Hasi mara chanya ni hasi, hilo nakubali. Lakini hasi mbili zikikutana ziwe chanya, kwa nini? Nalimuuliza mwalimu wa ukumbini, akasema ni sheria. Sheria ya nani?

Jambo jingine. Barua yako nzima hukunambia habari ya wanafunzi wako. Mtoto akiulizwa shule akanyamaza, mzazi huelewa. Kuna nini?

Mamako akupendaye


Marsabit
14 Aprili 2024

Mamangu,

Shikamoo, na Idd mubarak. Sikuja nyumbani sikukuu hii nikasema ni umbali wa njia. Si njia. Nilikuwa na aibu.

Umeniuliza habari ya wanafunzi. Kidato cha pili wasichana arubaini na wawili, na wastani wao wa hesabu muhula uliopita ni kumi na saba kwa mia. Wengine huandika jina, wakaweka kalamu chini, wakangoja kengele. Nilikuja hapa nikijiona nitawasha taa. Mwaka wa pili huu, taa haijawaka.

Kuna msichana aitwaye Kabale. Mkimya, hukaa nyuma. Mwezi wa Februari nilimwita ubaoni kwa swali la hasi mara hasi. Akakosa. Nikamuuliza kwa ukali, "Mara ngapi nimewaambia sheria hii?" Akasimama pale na chaki mkononi, wenzake wakaanza kucheka, na mimi, Mama, sikuwanyamazisha. Nilifikiri aibu itamfanya asome.

Siku tatu baadaye ikaja barua yako ya darasa la sita.

Nilikujibu kwa uchangamfu, nikakuandikia ya mkate, nikakwambia mwalimu yule alikosea. Na mimi ni nani? Sina fimbo, lakini nimefanya lile lile. Tangu siku hiyo Kabale hafungui daftari. Nimeandika barua ya kuacha kazi. Iko mezani, bado sijaipeleka.

Na swali lako sina jibu. Nimesoma chuo kikuu miaka minne na ninaweza kulithibitisha kwa herufi ukurasa mzima, lakini kumweleza mtu akaona, siwezi. Na mimi niliambiwa ni sheria.

Samah


Mtongwe
2 Mei 2024

Samah,

Asalaam aleikum. Tu wazima. Mvua yapiga sana, na babako hakwenda kazini siku nne.

Barua yako nimeisoma. Nataka unisikize vizuri.

Kwanza, ile karatasi iliyo mezani ichane. Mwalimu wangu hakupata kujua alilonifanya, labda amekufa hajui. Wewe umejua, na mtoto bado yumo darasani mwako. Nenda ukamtake radhi Kabale. Usimwite pembeni. Ulimwaibisha mbele ya watu, mtake radhi mbele ya watu hao hao.

Pili, ni ile hasi mara hasi. Nimeipata, Samah! Wallahi nimeipata mwenyewe, kisimani kwa jirani zetu kina Kiponda.

Nalikwenda kuteka maji, nimesimama nateremsha ndoo. Kamba yao ina alama kila pima. Nikasema, kwenda juu ni chanya, kwenda chini ni hasi. Ndoo yateremka pima mbili kila nikihesabu moja, basi mwendo wake ni hasi mbili. Hapo ilipo sasa hivi, nipaite sifuri. Nikihesabu tatu mbele, itakuwa wapi? Pima sita chini. Hasi mbili mara tatu, hasi sita. Hilo tulilijua.

Sasa nisiende mbele. Nirudi nyuma. Hesabu tatu zilizopita, ambazo ni hasi tatu, ndoo ilikuwa wapi? Nikainua kichwa. Ilikuwa juu, mdomoni mwa kisima! Pima sita juu ya hapo ilipo sasa. Hasi mbili mara hasi tatu, sita chanya!

Naliiachia kamba, ndoo ikenda na maji. Mke wa Kiponda akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Nikamweleza. Akasema, "Haya, lakini ndoo utailipa." Tukacheka mpaka tukakaa chini.

Nambie kama ni sawa. Kama si sawa nambie pia.

Mamako


Marsabit
26 Mei 2024

Mamangu, mamangu,

Shikamoo mara elfu. Ni sawa. Ni sawa kabisa. Nimekaa na hiyo ndoo yako siku nzima nikitafuta kasoro, sikuiona.

Nilifanya ulivyoniamuru. Jumatatu niliingia kidato cha pili, nikaweka vitabu chini, nikasema, "Kabale, mwezi wa Februari nilikuita hapa, ukakosa, wakakucheka, nikawaachia. Nilikukosea. Naomba unisamehe." Kabale alitazama dawati.

Nikachora kisima ubaoni. Nikasema haya si yangu, ni ya mamangu, ana miaka arubaini na mitatu na mwaka huu atafanya mtihani wa kidato cha nne. Vichwa vikainuka. Nikaanza kueleza ndoo, na hata sijamaliza nikasikia sauti nyuma: "Mwalimu, si hivyo."

Ni Kabale.

Akasema, "Kisima chenu kina kamba. Chetu kina watu." Akaja mwenyewe mbele. Kwao visima ni virefu, Mama, watu husimama ndani mmoja juu ya mwenzake kama ngazi, ndoo ikapita mkono kwa mkono huku wanaimba. Akapanga wasichana tisa, mmoja juu ya kiti, mwingine juu ya dawati, wengine wamechuchumaa. Akatoa kifutio kiwe ndoo. "Inashuka mikono miwili kila tukiimba mara moja. Sasa iko kwa huyu. Nyimbo tatu zilizopita ilikuwa kwa nani?" Wakanyoosha vidole juu, darasa zima: kwa yule wa juu!

Walikataa kutoka kengele ilipolia. Walimu wa darasa la jirani walikuja kutazama kuna ugomvi gani.

Ile karatasi niliichana nikawashia jiko.

Mama, huna habari umenifanyia nini.

Samah wako


Marsabit
30 Juni 2024

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Sijapata barua yako, nimemuuliza mwenye ofisi ya basi mara tatu. Huenda ni njia. Nimekuwekea maswali ya maumbo, yale ya pembetatu yenye kona ya mraba, maana hayakosi kwenye mtihani. Kidato cha pili wanauliza kila siku: mama wa kisima amefika wapi?

Bintiyo,
Samah


Marsabit
4 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Nimepanda kilimani penye mtandao, nikapiga. Baba akasema mko salama. Nikaomba nikupe salamu, akasema uko nje. Nikapiga Jumapili, uko nje. Mama, wewe huwa nje lini?

Kama nimekukosea, niambie. Kama ni hesabu, sitaitaja tena mpaka utake. Niandikie tu habari za kuku.

Samah


Mtongwe
25 Agosti 2024

Samah mwanangu,

Asalaam aleikum. Nimepata barua zako zote tatu. Hukunikosea. Nisamehe.

Mwezi wa Juni tulifanya mtihani wa majaribio. Nalikwenda nikiringa, mimi niliyegundua ndoo. Nikaona karatasi, maswali yamebanana, saa yagonga ukutani, na mikono ikapoa. Nikawa darasa la sita. Nalipata kumi na moja kwa mia. Mwalimu wa ukumbini akasoma alama kwa sauti, mmoja mmoja, na yangu ilikuwa ya mwisho.

Nilipofika nyumbani nikachana daftari langu, karatasi karatasi, nikawashia moto wa makaa. Barua zako sikuzichoma. Nikamwambia babako asikwambie. Nikaenda kwa Bwana Abdulaziz, nikamwambia nitapika huo uji.

Ikawa hivyo wiki saba.

Kisha siku moja babako aliletewa na Ruwa bahasha yako ya Juni iliyochelewa njiani, ile ya pembetatu. Mimi sitaki kuifungua. Akaifungua yeye. Wamjua, aliishia darasa la nne, kusoma kwake ni kwa kubabaisha. Akaishika ile karatasi yenye pembetatu, tatu, nne na tano zimeandikwa pembeni, akaitazama sana. Akasema, "Salha, hii ndiyo iliyokushinda?"

Nikamwambia hata hiyo.

"Hii ni kona yangu."

Akatoka, akarudi na kamba yake ya kazi. Kumbe ina mafundo, nafasi kumi na mbili zilizolingana. Miaka ishirini na sita naiona kamba ile imetundikwa na sikuuliza ya nini. Akasema, "Shika hapa." Nikashika. Akahesabu nafasi tatu, akapigilia kigingi. Akahesabu nne, kigingi. Tano zilizobaki zikarudi kwangu. Akaivuta. "Tazama kona. Nyumba zote nilizojenga Mtongwe na Frere Town zimeanzia hapa. Ikiwa tatu, nne na tano, kona haikosei. Kwa nini, sijui. Fundi aliyenifundisha naye hakujua."

Nikasema ndani ya nafsi yangu: huyu hajui kwa nini. Na karatasi yangu imeeleza ni kwa nini.

Asubuhi nikachukua vifuniko vya soda vya watoto pale chekechea. Nikapanga mraba wa tatu kwa tatu, tisa. Wa nne kwa nne, kumi na sita. Barua yako yasema vyote viwili pamoja vitatengeneza mraba wa tano kwa tano. Nikavichukua vile tisa, nikavizungushia ule mraba mkubwa, upande huu vinne, upande huu vinne, na kimoja cha kona. Vikaenea! Ishirini na tano, hakuna kilichozidi, hakuna kilichopungua. Watoto wakapiga makofi. Nikamwita babako kutoka kazini, akaja na udongo mikononi, akachuchumaa akavihesabu mwenyewe mara mbili. Akasema, "Basi ndiyo maana." Kisha akarudi kazini.

Sikuishia hapo. Nikaanza na kifuniko kimoja. Nikakizungushia vitatu, ukatoka mraba. Nikauzungushia vitano, mraba. Saba, mraba. Tisa, mraba. Zote ni witiri, zisizogawika kwa mbili, Samah, moja, tatu, tano, saba, zijumlishe kwa mpango wake, ukome popote utakapo, lazima upate mraba. Hili nalo lina jina? Mtu alilijua kabla yangu?

Nimenunua daftari jipya. Nimemwambia Bwana Abdulaziz atafute mtu mwingine wa uji.

Mamako,
Salha


Marsabit
10 Septemba 2024

Mamangu,

Shikamoo, na mwambie Baba shikamoo yake ni mara mbili.

Walilijua watu wa kale, Mama, karne nyingi zilizopita. Hawakukwambia, ukalijua mwenyewe kwa vifuniko vya soda. Basi ni lako kama lilivyo lao. Nimelipeleka kidato cha pili bila kuwapa jibu, na Kabale na wenzake wawili wakaeleza kwa nini halikomi: kila mraba ukiuzungushia, unahitaji upande mmoja, upande wa pili, na kile cha kona. Pande mbili sawa na kimoja, lazima iwe witiri. Wastani wao wa muhula uliokwisha ni arubaini na sita.

Sasa nisikize kuhusu mtihani. Kilichokushinda Juni ni woga na saa. Ukipata karatasi, dakika tano za kwanza usiandike chochote. Isome yote. Tafuta swali moja unalolijua, lifanye kwa raha, hata kama ni la mwisho. Mikono ikipoa, iweke mapajani mpaka ipate joto. Kila siku fanya maswali sita, saa ikiwa mezani, uizoee kama mlio wa jogoo. Nimekuwekea karatasi kumi.

Mia si lazima, Mama. Nataka utoke mle ndani ukijua ulichoandika ni chako.

Samah


Mtongwe
19 Novemba 2024

Kwa Samah mwanangu,

Asalaam aleikum. Hatujambo kabisa. Nimemaliza.

Siku ya karatasi ya kwanza ya hesabu nalifika shuleni mapema, nimevaa baibui yangu nyeusi. Mlangoni msimamizi akaninyoshea mkono. "Mama, wazazi hungoja nje ya lango." Nikamwonyesha karatasi yangu ya kujiandikisha mtihani. Akaitazama, akanitazama mimi. Akaniambia, "Samahani sana, karibu ndani," akanipeleka mpaka kwenye dawati langu. Mbele yangu msichana mmoja alikuwa yuatetemeka. Nikamgusa bega. "Mwanangu, dakika tano usiandike." Akanijibu, "Ahsante, Mama." Sijui kama alifuata.

Mikono ilipoa, ndiyo. Nikaiweka mapajani. Nikasoma yote. Kulikuwa na swali la ngazi iliyoegemezwa ukuta, waulizwa ukuta ni mrefu kiasi gani, nami nikatabasamu peke yangu kama mwendawazimu, maana nalimuona babako amechuchumaa. Nikaanza na hilo. Kuna maswali manne sikuyagusa. Kuna moja nalilifanya nikalifuta nikalifanya tena. Karatasi ya pili ilikuwa ngumu zaidi, lakini sikuwa darasa la sita, Samah. Nalikuwa pale pale, siku ile ile, mtu mzima.

Jalila alinipikia pilau. Nimelala mchana mara ya kwanza tangu Februari.

Matokeo ni Januari, inshallah. Tusiyazungumze mpaka hapo.

Mamako


Mtongwe
26 Januari 2025

Mwanangu Samah,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi wazima wa afya na furaha. Najua nalikupigia kilimani siku ile tukapiga kelele mpaka salio likaisha, lakini ya kwenye simu hayashikiki, nataka uyashike.

Ujumbe uliingia kwenye simu ya babako. Nikamwambia usome wewe, akakataa, akasema mtihani ni wako. Nikasoma. Kiswahili B ya kujumlisha. Dini A ya kutoa. Nikaruka ruka nikiogopa kufika. Hesabu: C ya kujumlisha.

Nikaisoma tena. Nikampa babako. Akaisoma taratibu, herufi kwa herufi, kisha akaweka simu chini akavaa kofia yake. Nikamuuliza yuaenda wapi. "Shika Adabu." Akatembea kweli! Kwa miguu, jua la saa saba, akimsimamisha kila anayekutana naye. Alirudi alasiri na watu kumi na wanne wakidai soda.

Chuo wamenipokea. Nimeanza wiki jana, siku tatu chuoni na siku mbili kwenye chekechea yangu, darasa langu lile lile. Bwana Abdulaziz alikuja mwenyewe nyumbani kunipa mkono. Akanywa kahawa, hainuki. Nikajua ana neno. Mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Bi Salha, mimi hesabu ilinikimbiza shule darasa la saba. Nikikaa kwenye kikao cha kamati wakitaja asilimia, natikisa kichwa tu. Je, mtu wa miaka hamsini na nane bado yumo?"

Nikamwambia, "Njoo chekechea Jumamosi baada ya alasiri."

Basi jana ilikuwa Jumamosi. Nalidhani watakuja watatu. Walikuja thelathini na nane. Wale kumi wa ukumbini, mke wa Kiponda, vijana wa bodaboda wawili, Ruwa wa mizigo, na Bwana Abdulaziz amekaa kwenye kile kiti kifupi cha watoto, magoti kidevuni. Babako alinipigilia ubao. Sheria yangu ni moja: atakayekosea alitaje kosa lake kwa sauti, maana huenda likamfaa mwenzake. Bwana Abdulaziz alikosea wa kwanza. Akasimama akalieleza kosa lake lote, na nusu ya watu wakasema, "Hata mimi nimeandika hivyo!" Akaketi ametabasamu kama bwana harusi.

Kisha Bi Mahfoudha, jirani yetu wa nyuma, muuza mahamri wa njia ya shule, ambaye hajapata kuingia darasani maishani mwake, akanyoosha mkono.

"Mwalimu Salha, nambari ya mwisho ni ipi? Ile kubwa kuliko zote."

Wengine wakaanza kumkanya, nikawanyamazisha. Nikamwambia, "Swali zuri sana. Taja wewe kubwa unayoidhani."

Akafikiri. Akavuta pumzi. Akataja mamilioni ya mamilioni mpaka sauti ikakatika.

Nikamwambia, "Ongeza moja."

Akafungua mdomo. Akaufunga. Akatazama dari, akatazama vidole vyake. Samah, wamjua Mahfoudha alivyo na maneno. Kisha akasema pole pole, "Subhanallah. Na nikiongeza moja, utaniambia niongeze moja tena."

"Nitakuambia."

"Basi haina mwisho."

"Haina."

"Na mimi ndiye niliyejua?"

"Ni wewe. Sikukwambia mimi."

Watu wakampigia makofi. Alitoka amejifunga leso kifuani, hataki kuagana na mtu.

Leo alfajiri, nimetoka kuswali, naanika nguo, nasikia ukuta wa nyuma wagongwa kwa mwiko. Ni Mahfoudha, mikono yote unga.

"Salha!" akaniita. "Nimeongeza moja tena!"

Ni mimi mamako,
Salha